Jogoo wa Kukombolea Baiskeli

Fundi ana baiskeli ya mume wangu. Hakuiiba, wala hakuiazima. Aliichukua mchana kweupe mbele ya watu wote wa Mnyuzi, siku ya matanga, na watu wakampigia makofi. Mimi mwenyewe mfiwa nilicheka mpaka khanga ya kichwani ikaniporomoka.

Kwa asiyejua mambo ya huku, nieleze. Mimi ni Mzigua wa Handeni, Mnyuzi nililetwa na ndoa. Yeye ni Mnyamwezi, mtoto wa manamba waliokuja kukata mkonge. Kazaliwa kambini hapahapa, Tabora anaisikia redioni. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikutukana, ujue amekusalimu. Akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kukivuruga kilio: unavaa viatu vya marehemu, unaigiza alivyokuwa akikohoa, unachukua kitu chake na kusema hukitoi mpaka ukombolewe. Wenye msiba wanaleta jogoo, mtani anaachia kitu, anasema msiba umekwisha, watu wanarudi mashambani. Jogoo asipoletwa, msiba unabaki mlango wazi.

Wa kwangu ulibaki mlango wazi tangu Rajabu, mwanangu wa kwanza, hajaota mvi hata moja. Sasa kichwa chake ni pamba. Na juzijuzi nikasikia kwamba Vumilia, binti wa Fundi, anakuja kumchukua baba yake akaishi naye huko Tabora. Macho yameingia ukungu, banda linafungwa. Nikajiuliza, huyu akishapanda gari, nani atatamka kwamba msiba wa mume wangu Mhina umekwisha? Baiskeli iko kwake, na neno liko kwake.

Nilivyofanya nitasema. Kwanza mmjue ni mtu wa namna gani, msije mkanihurumia bure.

Jina lake nalijua. Majina ya watu wote wa Mnyuzi nayajua, waliozikwa na waliohama, pamoja na mbuzi waliokuwa na majina. Lakini la kwake siliandiki. Nikiliandika atatangaza kwamba Mzigua kamweka kitabuni. Fundi inamtosha.

Banda lake liko karibu na reli. Akikuuliza mtu banda lipi, mwambie lile linaloonekana kama treni ilipita ikaangusha mizigo. Fremu zimening'inia juu kama mbavu, ringi zimepangwa ukutani, na makopo ya gololi na boliti yamewekwa kwa mpango anaoujua yeye na kuku wake. Baiskeli nzima hakuwahi kuuza. Alikuwa anaunda. Foki ya mtumba kutoka Ulaya anaitia kwenye fremu ya Kihindi, pedali ya kushoto ya Kichina, ya kulia haijulikani ya nani, na keria ya nondo ambazo sikuwahi kuuliza zilibaki kwenye ujenzi upi. Ukimwambia hiki hakiingii hapa, anakuangalia kama umemtukania mama.

"Kila kitu kinaingia kwenye kila kitu," husema. "Ni nyundo tu haijaamua."

Miguuni mwenyewe alivaa vivyo hivyo. Mguu huu katambuga ya tairi, mguu huu ndala ya bluu. Nilimuuliza siku moja kama kuna Mnyamwezi mwenzake anatembea na pea ya pili. Akasema, "Mzigua, wewe unaona viatu viwili tofauti. Mimi naona miguu miwili, na yote imevaa."

Ukienda kwake kutaka baiskeli, hakupimi urefu kama mafundi wa Korogwe mjini. Anapima mzigo. Nilikuwepo siku Salehe muuza mkaa alipofika mara ya kwanza.

"Shikamoo Fundi. Nataka uniundie baiskeli."

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni mkaa, si unajua?"

"Nauona? Kalete. Mtu mwenyewe nimeshamwona, hana jipya."

Salehe akarudi na magunia yake. Fundi akayainua moja moja, akiguna. Mguno wake ndio ulikuwa mizani. Guna fupi, keria ya kawaida. Guna refu, nondo. Akiguna halafu akakaa chini, ujue anakutengenezea trekta. Mama Stella wa Hale alikuja na beseni la perege kichwani na mtoto mgongoni. Fundi akanyanyua beseni, akaguna. Akaomba na mtoto, akamnyanyua, akamrudisha. "Samaki hawa watabaki hivihivi," akasema, "lakini huyu ataongezeka." Akarefusha keria. Stella amepanda keria ile mpaka amemaliza shule, na Fundi hajaacha kujisifu, kana kwamba ndiye aliyemzaa.

Lakini msidhani hakosei. Kaka yangu Mdoe alitoka Handeni kuja kuundiwa baiskeli ya kubebea maji, enzi zile maji kwetu yanatafutwa toka alfajiri. Akaambiwa lete mzigo. Akaleta madumu, matupu. Angeyajaza wapi? Ndiyo hiyo shida iliyomleta. Fundi akayanyanyua madumu yale kwa heshima zote, akaguna kidogo sana, akaunda baiskeli nyepesi, nzuri kama panzi. Siku Mdoe alipopata maji na kuyafunga, baiskeli ilikunjika katikati kama kitabu. Kaka yangu akatembea kwa miguu mpaka Mnyuzi kuja kugomba.

"Mlaumu Mungu wa mvua," Fundi akamjibu. "Uliniletea mzigo wa Handeni, nikaunda baiskeli ya Handeni."

"Mpagazi wewe!" Mdoe akafoka. "Babu yako alipita kwetu na mizigo ya watu kichwani, akachoka, ndiyo maana mko hapa!"

"Na alipopita aliomba maji ya kunywa. Mpaka leo anasubiri."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baiskeli ikaundwa upya, safari hii madumu yakajazwa kisimani kwangu. Mdoe alichoteshwa maji kama binti.

Basi kuna siku walipita wazungu wawili, mume na mke, wanazunguka dunia kwa baiskeli. Mume keria ilikatika. Baiskeli zao zilibeba mifuko chini, ubavuni mwa magurudumu, mbele na nyuma. Fundi alichomelea keria yao akicheka mpaka machozi. Walipoondoka akasimama barabarani akawaigiza. "Mzigo wameufunga miguuni! Watu wazima! Mzigo unakaa juu, Mungu auone!" Akaifanya hadithi hiyo wiki nzima. Wiki ya pili madumu ya Salehe, maana siku hizo alibeba na maji, yalikuwa yananing'inia chini ubavuni mwa magurudumu kwenye vyuma vipya. Nikamuuliza mbona hivi? Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mzigo ukikaa chini baiskeli haiyumbi, na kwamba jambo hilo aliliwaza mwenyewe akiwa amelala.

Gia alizitukana vilevile. "Gia ni za watu wasio na magoti." Akizipata kwenye mitumba alizitupa kwenye kopo la kunyweshea kuku. Halafu akaja Mchungaji Danieli, aliyepangiwa kuhudumia waumini wa Vugiri, huko juu milimani ambako hata mbuzi hupumzika njiani. Fundi akamwambia alete mzigo. Mchungaji akaleta Biblia. Fundi akainyanyua, akaguna guna refu sana, akakaa chini.

"Fundi, ni kitabu tu hicho," Mchungaji akasema.

"Unakipeleka Vugiri, baba. Huko kinafika na kilima chake."

Akaenda kuokota gia kwa kuku. Akaosha, akafunga, na breki akatia za aina mbili, maana kupanda Vugiri ni shida ya magoti lakini kushuka ni shida ya roho. Kuzijaribu akaenda mwenyewe kwenye mteremko wa shamba la mkonge. Breki ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika mno. Tulimwona anapaa, akapita juu ya usukani, akaingia kwenye kamba za kuanikia mkonge, nyuzi nyeupe zikampokea kama shuka. Alipotolewa ana ndevu za mkonge mpaka kifuani. Nikamwambia, baba yako alikata mkonge maisha yake yote, leo umemlipa. Akatema nyuzi, akaifuata baiskeli.

Sasa Mhina.

Mhina mume wangu alikuwa mtu wa taratibu. Nyonga ya kulia ilimsumbua, hivyo kwenye baiskeli alikaa upande wa kushoto, magoti nje. Kiti kikalalia kushoto. Ngozi yake ikapasuka, akaishona kwa waya mwekundu wa simu, mishono mirefu ya kiume. Kengele aliipigia kila kiumbe. Mbuzi akiwa pembeni kabisa, anampigia. "Mbuzi naye ni mpita njia," alikuwa akisema. Kwa baiskeli ile alinipeleka Handeni kumwona mama yangu, barabara ikiwa bado vumbi tupu, mimi nyuma kwenye keria nimekalia mto, nikishika shati lake. Kwa Fundi alikwenda mara kwa mara kukaza hiki na kile. Walikuwa wakikaa wawili hao bila kusema neno mchana mzima, kisha Mhina anarudi nyumbani ananiambia, leo tumezungumza sana.

Alipofariki, Fundi alifika siku ya matanga amevaa kofia ya Mhina na kanzu yake, sijui aliitoa wapi chumbani. Akapanda baiskeli. Kiwiliwili kushoto, magoti nje, akazunguka uwanja akiwapigia kengele kuku, masufuria, shehe, mama mkwe. Ilikuwa Mhina mtupu. Watu walilia kwa kucheka, na wengine walilia tu. Kisha akapita kati yetu, akashika njia ya reli, akapaza sauti, "Mpaka mnikomboe!"

Rajabu alishakamata jogoo. Nikamwambia mwache.

"Mama, si ndiyo mila? Jogoo mmoja tu."

"Atairudisha mwenyewe. Hana haya mpaka apelekewe?"

Kwa Fundi nako nilisikia amesema, "Mnyamwezi harudishi bila jogoo. Watakuja wenyewe." Basi tukasubiriana. Nilipokwenda bandani kwake tuliongea yote, mvua, wajukuu, nani kaoa nani. La baiskeli hakuna aliyeligusa. Kila mwaka nilichagua jogoo mzuri nikasema huyu ndiye, na kila mwaka Idi ilifika jogoo akaingia kwenye pilau. Watu walidhani ni ukaidi. Ulikuwepo. Lakini niseme jambo moja: msiba usiofungwa, marehemu hajaondoka sawasawa. Mimi sikuwa na haraka ya kumwondoa.

Fundi naye ni fundi. Chuma kikikaa kwake hakilali. Ikaanza ringi ya mbele. Nikaiona kwa Mchungaji Danieli, inapanda Vugiri. Fremu ikaenda kwa Salehe, ikapakwa rangi ya kijani, lakini mkunjo mdogo karibu na usukani naujua, aliutia Mhina kwenye mwembe wa Mzee Kilo siku alipopigia mjusi kengele. Usukani uko kwa Mama Stella. Madigadi yako kwa Petro wa stesheni, keria iko Handeni kwa Mdoe. Kaka yangu mwenyewe anabebea maji juu ya keria niliyokalia mimi, wala hajui. Kengele ikaenda kwa Hoza muuza maziwa. Kila asubuhi anapita kwangu, anapiga kengele, natoka mbio, nanunua maziwa. Hoza huwaambia watu, Bibi Mhina anapenda maziwa kuliko mtoto. Maziwa siyanywi, yananisokota tumbo. Paka wangu amenenepa mpaka hakamati tena panya.

Kila kipande nilijua kilipo. Kiti tu ndicho sikukiona. Nilikagua viti vya baiskeli za Mnyuzi, Hale na Korogwe sokoni, nikiinama kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuna kiti kilicholalia kushoto. Mwisho nikasema kimeoza.

Kwa kuwa namsimulia, nilipaswa kuwaambia Fundi anafananaje. Mrefu, mkavu, sikio moja limeliwa na cheche. Na anafanya kazi amekaa, hainuki kwa mtu. Diwani akija, yeye amekaa. Shehe akija, amekaa. Amekalia kigoda chake cha chuma kilichofunikwa gunia, ameinamia upande mmoja. Watu walisema ni uti wa mgongo. Vumilia alimpeleka hospitali wakampa dawa ya kuchua. Mimi nilisema ni Unyamwezi, hauna dawa.

Ndivyo alivyo. Sasa ya juzi.

Nilimkamata jogoo asubuhi, mwekundu, mkorofi, nikamfunga miguu, nikamtia kwapani. Nikapita mbele ya nyumba za watu nikijua wananiangalia. Mama Asha jirani yangu akauliza uani, "Bibi, jogoo anaumwa?" Nikamwambia anakwenda safari.

Banda lilikuwa limeshavuliwa. Mbavu za juu hazipo, makopo yamewekwa kwenye kiroba. Vumilia, dada wa mjini mwenye simu mbili, alikuwa anafunga masanduku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mpagazi yuko wapi?"

"Yupo hapo nyuma. Hataki kuinuka, tangu asubuhi namwambia tufunge na hicho kigoda."

Nikamkuta amekaa, uso ameelekeza kwangu lakini macho yanatafuta.

"Nani?"

"Mzigua."

"Wako wengi. Waliooga au wasiooga?"

"Aliyekuja kukomboa."

Jogoo akaniparura ubavuni. Nikasema yote kwa mkupuo ili nisigeuke: kwamba anaondoka, kwamba mimi si wa kukaa milele, kwamba mwenye kufunga msiba ni yeye, na huyu hapa jogoo.

"Umechelewa, Mama Rajabu," akasema taratibu. Hakuniita Mzigua. "Nimeshaitawanya. Nilitaka kuikusanya nikuletee. Nimekaa hapa tangu macho yaanze ukungu, najaribu kukumbuka kipi kilikwenda wapi, sikumbuki. Mkono unajua kufunga. Hauandiki."

Nikamtajia. Ringi kwa Danieli, fremu kwa Salehe, usukani kwa Mama Stella, madigadi kwa Petro, keria kwa Mdoe, kengele kwa Hoza. Alikuwa anaitikia kila jina kwa mguno, mfupi, mrefu, mfupi.

"Tukiikusanya," akasema, "Vugiri hawatapata neno la Mungu, na Mnyuzi hawatapika."

"Na mimi sitakunywa maziwa."

"Hunywi maziwa wewe. Hoza mwenyewe tu ndiye hajui." Akapapasa magoti yake. "Kwa hiyo nikupe nini? Jogoo wa bure sili, mimi si Mzigua."

"Hakijatajwa kiti," nikasema.

Hapo ndipo Fundi, ambaye hakuinuka kwa diwani wala kwa shehe, alishika nguzo ya banda akainuka. Akaliondoa gunia. Juu ya chuma, kimechomelewa vizuri, kuna kiti cha ngozi kilichokwisha kuwa cheusi, kimelalia kushoto, na mishono mirefu ya waya uliokuwa mwekundu.

Miaka yote ile nimekaa mbele yake tunaongelea mvua.

"Umekikalia!"

"Ningekiweka wapi usikione?"

"Ulishindwa kumfungia mtu?"

"Kiti kibovu hiki, nani angekitaka?" Akakipapasa upande uliobonyea. "Kila nikikaa naegemea kwake. Mgongo umekwisha kwa ajili ya mumeo, na Vumilia ananipaka dawa ya kuchua."

Nikampa jogoo. Akampima kwa kumnyanyua, akaguna guna refu, jogoo naye akaguna. Akanyoosha kichwa, akasema kwa sauti ya kuwafikia watu wengi, kama vile uwanja ungali umejaa, "Mhina amekombolewa. Msiba umekwisha, mwende mashambani!" Vumilia akatoka mbio na simu zake kuangalia kuna nini.

"Ukifa," akaniambia, sauti imeshuka, "nakuja kukichukua tena. Hata kutoka Tabora."

"Njoo. Ukitangulia wewe, mimi nachukua nyundo."

"Nyundo haiingii kwa Mzigua."

"Kila kitu kinaingia."

Nikakaa. Kikanilaza kushoto, polepole, kama mtu anayesogea kukupisha. Fundi akabaki amesimama, jogoo kwapani, akipapasa hewani kutafuta pa kukaa.